Ufizi Ukifunika Meno: Mtoto Si Mchafu Wala Si Mkosi

Kila mwalimu wa Kiswahili aliyewahi kufundisha kidato cha kwanza amepata kuziandika ubaoni sauti za lugha yetu kwa kufuata mahali zinapotamkiwa: sauti za midomo, za midomo na meno, za meno, za ufizi, za kaakaa gumu, na kuendelea hadi kooni. Chini ya ufizi huorodheshwa t, d, n, s, z, l na r. Mwanafunzi huambiwa auguse kwa ncha ya ulimi ule ukingo ulio nyuma ya meno ya juu, atamke 'dada' na 'sasa', kisha somo husonga mbele. Ni nadra mwalimu kujiuliza kama yupo darasani mtoto ambaye ukingo huo hauko kama kitabu kinavyodai. Mtoto ambaye ufizi wake umenenepa na kushuka juu ya meno hata meno yenyewe yakawa hayaonekani ila ncha, au hayaonekani kabisa.

Watoto hao wapo. Si wengi, na kwa sababu si wengi wamesahauliwa mara mbili. Daktari wa kawaida aweza kutimiza miaka mingi kazini asikutane na hata mmoja. Mwalimu naye akikutana na mmoja hana jina la kuiita hali yake, isipokuwa majina ya mitaani ambayo aghalabu ni ya kudhalilisha. Mimi si tabibu. Kazi yangu ni lugha, na nimelichukua jambo hili kwa kuwa madhara yake ya kwanza humfika mtoto kwa njia ya maneno: maneno anayoshindwa kuyatamka vyema, na maneno anayotamkiwa na wenziwe.

Tuanze na ufizi wenyewe. Ufizi wenye afya ni nyama imara iliyoyakumbatia meno shingoni, yenye rangi ya waridi, au iliyochanganyika na weusi kama ilivyo kwa wengi wetu. Upo ugonjwa wa kurithi ambao huufanya ufizi huo ujenge nyuzi za nyama kupita kiasi. Ufizi wa namna hiyo hauna usaha, aghalabu hauumi, na hautoki damu ovyo. Ukiuguza kwa kidole ni mgumu. Hali hii mara nyingi huanza kudhihirika meno ya utu uzima yanapoota, yaani tangu umri wa miaka sita hivi. Mara nyingine huanza na meno ya utotoni, na ni nadra sana mtoto kuzaliwa nayo. Yaelekea kuota kwa meno ndiko kunakouchochea ufizi, kwani pasipo na meno kwa kawaida haukui. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni mtu 1 kati ya watu 175,000. Kwa idadi hiyo, mwalimu aweza kustaafu asimwone mtoto wa aina hiyo. Lakini yule atakayemwona atakuwa naye kila siku ya masomo.

Katika mwaka wa 2002 watafiti walioichunguza familia moja kubwa ya Brazili walitambua kuwa chanzo, kwa familia hiyo, ni kosa dogo katika jeni iitwayo SOS1 iliyomo katika kromosomu ya pili. Herufi moja tu ilikuwa imeongezeka katika maandishi ya jeni hiyo. Sisi watu wa lugha twajua herufi moja yaweza kufanya nini: ongeza moja mahali pasipostahili na 'kuta' huwa 'kutwa'. Jina la jeni hiyo nalo lina kisa. Wataalamu wa inzi wadogo wa matunda walimpata inzi ambaye kila kijicho chake kimekosa seli ya saba ya kupokea mwanga, wakaiita jeni husika 'Asiye na ya Saba'. Nyingine iliyogunduliwa kuwa hufanya kazi chini ya hiyo wakaiita 'Mwana wa Asiye na ya Saba', na binadamu alipokutwa nayo jina likafupishwa kuwa herufi tatu na tarakimu. Nani angedhani ufizi wa mtoto ungekuja kuitwa kwa jina la jicho la inzi! Nayataja haya ili wanafunzi wanaodhani kwamba istilahi za sayansi zilishuka mbinguni wajue kuwa zilibuniwa na watu, tena watu wenye utani.

Ugonjwa huu ukija peke yake, mtoto hana kasoro nyingine yoyote. Akili yake ni timamu kama ya jirani yake kwenye dawati. Lakini mara nyingine ufizi ni sehemu moja tu ya mkusanyiko wa dalili zinazosafiri pamoja, ambao madaktari huuita sindromu. Hapa ndipo jambo linapokuwa zito.

Chukua mathalani sindromu ya Zimmermann na Laband, iliyopewa jina la madaktari walioandika habari zake mwaka wa 1928 na mwaka wa 1964. Mtoto mwenye sindromu hii huwa na ufizi ulionenepa, kucha ndogo mno au zisizokuwapo kabisa, hasa za vidole gumba vya mikono na miguu, nywele nyingi mwilini, sura nzito, na mara nyingi uzito wa kujifunza pamoja na kifafa. Mwaka wa 2015 ilibainika kwamba baadhi yao wana kosa katika jeni iitwayo KCNH1, ambayo kazi yake ni kutengeneza mlango wa kupitishia potasiamu katika kuta za seli. Mlango huo ukikaa wazi isivyostahili, neva huvurugika. Ndiyo sababu ya kifafa.

Sasa tazama mtego uliopo. Dawa mojawapo ya kifafa inayojulikana sana katika nchi zetu, kwa kuwa bei yake ni nafuu, ni fenitoini. Manufaa yake yalitangazwa mwaka wa 1938, na mwaka uliofuata tu ikaandikwa kwamba dawa hiyo hunenepesha ufizi. Karibu nusu ya wanaoitumia hupatwa na hali hiyo kwa kiasi fulani, zaidi watoto na vijana, na zaidi sehemu ya mbele ya kinywa. Kwa hiyo mtoto mwenye kifafa anapokuja na ufizi ulioshuka juu ya meno, kila mtu husema ni dawa. Mara nyingi husema kweli. Lakini kama ufizi ulinenepa kabla ya dawa kuanza, au kama mtoto hatumii fenitoini kabisa, basi swali limebaki wazi, na kucha za vidole gumba zingeweza kumwelekeza daktari kwenye jibu. Nani anayejua ufizi ulianza lini? Ni mzazi, na wakati mwingine ni mwalimu wa darasa aliyemwona mtoto kila siku. Ushahidi wake una thamani kuliko anavyodhani.

Niongeze onyo hapa kabla sijaendelea, kwani najua makala husomwa kwa haraka. Mzazi asiikatize dawa ya kifafa kwa kuwa amesoma gazetini kuwa inaharibu ufizi. Kuiacha ghafula kwaweza kuleta kifafa kisichokatika, na mtoto akapoteza maisha. Daktari ndiye mwenye kuibadilisha dawa, taratibu, iwapo ipo nyingine inayomfaa mgonjwa.

Kuna sindromu nyingine ambayo ufizi ndani yake ni kama tangazo la msiba. Hutokana na kosa la jeni ya GNPTAB. Katika mwili wa mwanadamu, vimeng'enya vinavyovunjavunja taka za seli hupigwa muhuri wa anwani ili vifikishwe mahali pa kazi. Mtoto huyu hana mkono wa kupiga muhuri huo. Vimeng'enya hutengenezwa vizuri, lakini hupotea njiani mithili ya barua zilizotiwa posta bila anwani, na taka hurundikana ndani ya seli. Ufizi hunenepa angali mchanga, viungo hukakamaa, na wengi wao hawaupiti mwongo wa kwanza wa maisha. Shule nyingi hazitampokea mtoto kama huyo. Wazazi wake, hata hivyo, wana ndugu zake shuleni, na ndugu hao hutaniwa kwa ajili yake.

Nyingine hutokana na jeni iitwayo ANTXR2. Ufizi huota, vinundu hutokea katika ngozi, viungo hukunjika na kukataa kunyooka, na mtoto mchanga hulia anapoguswa kwa sababu ya maumivu. Ili mtoto apatwe, lazima arithi jeni mbovu kutoka kwa baba na kwa mama pia, wazazi ambao wenyewe ni wazima. Magonjwa ya urithi wa namna hii huonekana zaidi mahali ambapo binamu huoana, desturi inayojulikana katika sehemu za pwani yetu na za kaskazini ya nchi. Sisemi hivi ili kuishutumu desturi ya mtu. Binamu wengi wameoana na wakazaa watoto wazima. Nasema ili familia iliyokwisha kumpata mtoto mmoja wa namna hiyo ijue kuwa si uchawi wala si laana, na kwamba uwezekano wa mimba ifuatayo kuathirika ni robo moja. Hilo ni jambo la kuelezwa na daktari kwa lugha wanayoielewa, nao wakaamua wenyewe.

Na ipo ile ya jeni ya FAM20A, ambayo chanzo chake kilianza kufahamika mwaka wa 2011. Ufizi huwa mnene, meno huwa na gamba jembamba na rangi ya manjano, na mengine hukataa kuota. Kwa macho ya darasani mtoto huyu ndiye 'mchafu' kuliko wote. Kumbe ndani ya figo zake chokaa ya kalsiamu yaweza kuwa inatuama polepole, bila maumivu. Uchunguzi wa picha ya mawimbi ya sauti, ule ule wanaofanyiwa akina mama wajawazito, waweza kuionyesha. Mwalimu aliyemtuma mtoto huyo nyumbani akapige mswaki amemtuma kwingine. Alistahili kumtuma hospitalini.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kuwakagua wanafunzi wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Katika shule moja ya msingi, ambayo sitaitaja, mwalimu mwanafunzi alimwita mvulana wa miaka kumi hivi asome kifungu kwa sauti. Mvulana alisimama, akaziba kinywa kwa kitabu, akaanza. Ufizi wake wa juu ulikuwa umeshuka hata midomo haikufungamana vizuri. Neno 'mbuzi' lilitoka likiwa na upepo, na darasa zima likacheka. Mwalimu wa kawaida wa darasa hilo, aliyeketi nyuma pamoja nami, akaniambia kwa sauti ambayo watoto wa mstari wa mwisho waliisikia: "Huyo kwao hawajui mswaki." Baada ya kipindi, mwalimu mwanafunzi alinieleza alichokwisha kukidadisi kwa upole katika majuma mawili ya kukaa pale. Mtoto hupiga mswaki asubuhi na jioni, na anameza vidonge vya kifafa tangu alipokuwa na miaka sita. Kama ufizi ule ulitokana na vidonge au na urithi, hilo ni la daktari. Lililo langu ni hili: alama ya kusoma kwa sauti aliyowekewa kijana yule muhula uliotangulia ilikuwa ya chini kabisa darasani, na sababu iliyoandikwa ni 'hajui kutamka'.

Hajui kutamka! Tuipime kauli hiyo kwa mizani ya isimu. Mtoto ambaye midomo yake haifungamani atapata taabu katika p, b na m, na katika mb inayofungua maneno yetu mengi. Ambaye meno yake ya juu yamefunikwa atapata taabu katika f na v, kwa kuwa mdomo wa chini hauna jino la kuegemea. Ambaye ukingo wa ufizi umejaa hadi kwenye kaakaa ataupitisha upepo wa s na z kwenye mkondo usio wake. Mate nayo humzidi. Yote haya ni kweli. Lakini kinachoifanya sauti kuwa fonimu ni upinzani wake na sauti nyingine, si uzuri wa mlio wake. Mtoto ambaye kila mara hutofautisha 'sina' na 'zina', 'pata' na 'bata', hata kama s yake ina kithembe na b yake ina upepo, ameijua lugha sawasawa na mtangazaji wa redio. Anachokosa ni ala safi. Hatumwiti mpiga zumari mjinga kwa kuwa zumari lake limepasuka.

Na mwalimu asiishie kinywani. Katika sindromu mojawapo ya hizi, ufizi mnene huandamana na kupotea kwa usikivu hatua kwa hatua. Mtoto wa namna hiyo akianza kukosea imla, au akiitikia 'naam' pasipostahili, aweza kuwa haupati mlio wenyewe. Msogeze mbele, mtazame usoni unaposema, na uombe masikio yapimwe. Wengine wana uzito wa kujifunza, wengine hawana hata chembe, na sura ya kinywa haitoshi kuamua nani ni nani. Nimewaona walimu wakifanya uamuzi huo katika dakika tano za kwanza.

Nirudi kwenye maneno, maana huko ndiko nyumbani kwangu. Kiswahili kina neno 'kigego'. Ni mtoto aliyezaliwa na meno au aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini, na kwa imani ya zamani alihesabiwa kuwa mkosi. Wako vigego waliouawa. Neno limebaki katika kamusi zetu, imani imefifia, lakini haikufa. Ukitaka kuijua, msikilize bibi akimtazama mjukuu aliyechelewa kuota meno kwa sababu ufizi mgumu umeyafungia ndani. Jirani ya neno hilo ni jipya zaidi: 'meno ya plastiki', ambayo Tanzania huitwa pia 'meno ya nailoni'. Mtoto wa miezi michache ana homa na kuhara. Mtu anamfungua kinywa, anaona ufizi umetuna mahali ambapo chonge la utotoni linajiandaa kutokea, na anatangaza kuwa pana jino la plastiki linalomuua mtoto. Ufizi huchokolewa kwa kisu, au kwa waya wa baiskeli uliochongwa, na chipukizi la jino hung'olewa. Watoto wametokwa na damu hadi kufa, wamepata pepopunda, wamekua bila chonge zao za kudumu. Jambo hili limeandikwa na madaktari wa meno wa Kenya, Tanzania, Uganda na nchi jirani kwa miongo kadhaa. Kama ufizi wa kawaida uliotuna kidogo unaweza kumletea mtoto mchanga kisu, fikiri yanayoweza kumpata yule ambaye ufizi wake kweli umezidi.

Upande wa pili wa lugha ni ule wa hospitali. Mzazi huambiwa kwa Kiingereza jina refu ambalo hata mwanawe aliye chuoni hawezi kulitamka, kisha hufasiriwa kwa neno moja: 'uvimbe'. Neno hilo halifai hata kidogo. Katika masikio ya Mswahili uvimbe una joto, una maumivu, una usaha, na dawa yake ni vidonge vya kuua vijidudu. Mzazi atavinunua dukani, mtoto atavimeza, ufizi hautapungua, na dawa ya kweli itazidi kucheleweshwa. Nimesikia pia pendekezo la 'mfumuko wa ufizi'. Sina ugomvi mkubwa nalo, ila tangu lilipotekwa na wachumi wa bei sidhani litarudi hospitalini kwa urahisi. Mimi ningesema 'ufizi uliokua kupita kiasi', na ikiwa ni wa urithi niseme hivyo: 'ufizi mnene wa kurithi'. Ni maneno ambayo nyanya yeyote huyaelewa bila mkalimani. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010, na sioni urasmi huo una faida gani iwapo mama hawezi kuambiwa kwa lugha hiyo kinywa cha mwanawe kina nini. Idara zetu za Kiswahili huandaa makongamano kila mwaka kuhusu istilahi za kompyuta. Kinywa kimesubiri vya kutosha.

Na je, tiba ipo? Ipo, ijapokuwa si ya mara moja. Ufizi uliozidi hukatwa na daktari wa meno, kwa kisu, kwa umeme au kwa miale ya leza, meno yakaonekana na midomo ikafungamana. Katika ugonjwa wa kurithi ufizi huweza kurudi baada ya miezi au miaka, na upasuaji ukahitajika tena. Kwa hiyo daktari hupima wakati mwafaka, na mara nyingi husubiri meno ya kudumu yaote, isipokuwa mtoto ashindwe kula au kusema. Usafi wa kinywa haukuleta ugonjwa wa kurithi wala hautauondoa, lakini uchafu unaojificha chini ya ufizi mnene huuwasha na kuuongeza, hasa ule uliotokana na dawa. Kwa hiyo mswaki bado una kazi. Kosa ni kuutumia kama fimbo. Tunavyo vyuo vikuu vinavyofundisha udaktari wa meno, Nairobi na Eldoret, na hospitali za rufaa zenye wataalamu. Lililo gumu ni nauli, foleni, na yule afisa wa bima anayeuita upasuaji wa ufizi 'urembo'. Mtoto asiyeweza kuutafuna muhindi wala kufunga midomo hatafuti urembo. Bima ya afya ya jamii iliyoanza mwezi wa Oktoba 2024 ingestahili kuandika hivyo waziwazi, na ikumbuke kwamba kazi hii hurudiwa.

Si kila ufizi uliokua ni wa urithi au wa fenitoini, na mwalimu hapaswi kujifanya daktari. Dawa fulani za shinikizo la damu na zile wanazopewa waliopandikizwa figo hufanya vivyo hivyo. Ukosefu wa vitamini C huufanya ufizi uwe laini na wa kutoka damu. Yako mawili ambayo hayangoji mwisho wa muhula. Ufizi unaovimba kwa ghafula, ukatoka damu, na mtoto akawa amesawijika na kuchoka, waweza kuwa dalili ya saratani ya damu. Taya linalofura kwa kasi na meno yakalegea laweza kuwa saratani ile aliyoieleza daktari Denis Burkitt mwaka wa 1958 kutokana na watoto aliowatibu Uganda, ambayo huenea upesi mno lakini hutibika ikiwahiwa. Katika hali hizo mtoto apelekwe siku hiyo hiyo.

Kuhusu darasa, sheria imekwisha kusema. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa, kwa mwili au kwa nafsi. Kumwambia mtoto mbele ya wenziwe kwamba kwao hawajui mswaki ni kumdhalilisha nafsi, na sioni tafsiri nyingine. Lakini tusiishie kwenye marufuku. Mtaala wa umilisi umempa mwalimu kazi ya kutathmini kusikiliza na kuzungumza, na kumwandika mtoto kuwa amefikia matarajio, amekaribia au yuko chini yake. Ni lazima maelezo ya tathmini hiyo yaseme bayana kuwa kasoro ya viungo vya matamshi si kasoro ya umilisi. Mtoto wa namna hii apewe nafasi ya kusimulia mbele ya mwalimu pekee, au mbele ya wenzake wawili aliowachagua, na apimwe kwa mpangilio wa hoja, msamiati na sarufi. Vyuo vya ualimu vinavyofundisha fonetiki kwa michoro ya kinywa kisicho na doa viongeze michoro michache ya vinywa halisi: kaakaa lililopasuka, ulimi uliofungwa, ufizi uliozidi. Mwalimu mwanafunzi ataielewa sauti ya ufizi barabara zaidi akiona ufizi usiotii kitabu.

Mwalimu akimshuku mtoto, aandike mambo machache: ufizi ulionekana lini kuanza kukua, mtoto anatumia dawa gani na tangu lini, kucha za vidole gumba zikoje, anasikiaje, anakula nini wakati wa chakula cha mchana. Karatasi hiyo ampe mzazi aende nayo hospitalini. Vipo pia vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, ambavyo walimu wengi hawajawahi kuvitembelea. Daktari mwerevu akiisoma karatasi atamchunguza mtoto, kisha atamgeukia aliyemleta. Katika ugonjwa wa kurithi ulio wa peke yake, mara nyingi mzazi mmoja anao, na kila mtoto wake ana nusu ya uwezekano wa kuupata. Ndipo atakapomwomba mama, au baba, aliyezoea miaka yote kuziba kinywa kwa mkono kila anapocheka, aufungue naye, na awalete wale wadogo walioachwa nyumbani.